Bwawa Halivunjiki: Juu ya Majina ya Majengo ya Ukingoni mwa Maji

Husemwa mara kwa mara, na watu wenye elimu yao, ya kuwa Kiswahili ni maskini wa maneno ya ufundi, na hasa ufundi wa majengo yajengwayo ukingoni mwa maji. Husemwa kwa sauti ya huruma, kana kwamba lugha ni mgonjwa na wasemao ni matabibu. Ni ajabu kubwa kuwa lugha iliyolelewa na bahari, ikasafiri kwa jahazi na kukopa kwa Waarabu, Waajemi, Wahindi na Wareno, iambiwe leo kuwa haijui kuuita ukuta uzuiao maji. Kosa si la lugha. Kosa ni la waandishi waliopewa kazi ya kuitumikia. Wamechukua maneno machache, yaani bandari, gati, bwawa na mfereji, wakayabebesha mizigo ya maneno mengine kumi. Kisha mizigo ikianguka, husema punda ndiye dhaifu.

Wala jambo hili si la mapambo ya maneno. Jina la jengo la majini huandikwa katika mkataba, hutangazwa katika tahadhari ya mafuriko, na husomwa mbele ya hakimu watu wakiisha kufa. Neno likiwa na maana tatu, mkataba huleta ugomvi, tahadhari haieleweki, na mwenye kosa hupata mlango wa kutokea. Ndiyo maana hoja hii haiwahusu wanafunzi wa lugha peke yao. Yamhusu mkulima wa mpunga, baharia, mhandisi, mwandishi wa gazeti, na kila mwenye nyumba iliyo mahali pa chini.

Mfano wa kwanza u karibu. Mtu asimamaye leo katika mzunguko wa Michenzani, chini ya mnara uliojengwa kuadhimisha miaka 50 ya Mapinduzi ya 1964, huona majumba marefu ya ghorofa yaliyoanza kujengwa katika enzi ya Mzee Abeid Amani Karume kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki. Huona maduka na magari, wala bahari haioni. Jina la mtaa wenyewe latokana na michenza, miti izaayo machenza, si maji. Hata hivyo mtu huyo amezungukwa na majina ya maji. Upande mzima huo wa mji uliitwa Ng'ambo, na ng'ambo haiwi ng'ambo pasipo maji ya kuvuka. Aendapo sokoni hufika Darajani, na daraja halijengwi bure juu ya nchi kavu. Ipo Kisiwandui, yenye kisiwa ndani ya jina lake. Ipo Funguni, yenye fungu la mchanga. Majina hayo ni mashahidi wa hori lililoingia kutoka baharini likautenga Mji Mkongwe na Ng'ambo, kisha likafukiwa kidogo kidogo mpaka katika karne ya 20 likawa barabara na viwanja. Barabara hiyo iliandikwa kwa Kiingereza Creek Road, na baadaye ikapewa jina la Rais Benjamin Mkapa. Neno hori, ambalo ndilo jina la kitu chenyewe, vijana wengi hulisikia sasa kwa maana ya chombo cha kulishia ng'ombe tu.

Hapo yaonekana ya kuwa neno likipotea, elimu iliyomo ndani yake nayo hupotea. Mzee aliyejua kuwa mahali fulani palikuwa hori, alijua pia kwamba masika yakija maji yatarudi kupatafuta mahali pake. Mji ukisahau neno, husahau na maji. Ndipo nyumba hujengwa palipokuwa na njia ya maji, na mvua kubwa inyeshapo watu hustaajabu kuyakuta maji chumbani. Katika miaka ya 2010 Zanzibar ilijenga mitaro mikubwa ya maji ya mvua katika mitaa ya mji kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Kazi hiyo ilikuwa ya lazima. Na kwa sehemu ilikuwa kazi ya kuyarudishia maji njia ambazo majina ya mitaa yalikuwa yakizitaja siku zote.

Litazamwe sasa neno mfereji. Mwenyeji wa Michenzani asemapo, "Fungua mfereji," ataka maji ya kunywa. Kwake mfereji ni ule wa chuma ufunguliwao kwa mkono, ambao Bara huitwa bomba. Maana hiyo yafahamika Unguja yote, nayo ina heshima yake, kwa kuwa mji huu uliletewa maji ya chemchemi kwa njia ya kujengwa katika enzi ya Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888. Lakini katika vitabu vya shule mfereji ni njia ya maji iliyochimbwa ardhini, ya kumwagilia shamba au ya kupitisha meli. Mtoto wa Unguja asomeshwapo kuwa Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869, hana budi kwanza kuisahau nyumba yao ndipo alielewe somo. Hilo ni la kuchekesha. Lisilo la kuchekesha ni tangazo liwaambialo watu wasafishe mifereji kabla ya masika, likasomwa na mtu ambaye mfereji wake u jikoni na ni safi. Neno mtaro lipo, tena halina utata: ni njia ya maji iliyochimbwa. Mwandishi wa tangazo angeliandika mtaro, kazi ingekwisha.

Neno la pili ni bandari. Neno hili lilitoka Uajemi, nalo katika Kiswahili cha asili lilikuwa jina la mahali: maji yenye kina, yaliyokingwa na upepo, ambapo chombo hutia nanga kikatulia. Bandari ilikuwako kabla ya gati. Unguja ilikuwa bandari mashuhuri ulimwenguni wakati meli zilipotia nanga nje, shehena ikaletwa pwani kwa matishali. Gati la maji ya kina kule Malindi halikujengwa mpaka miaka ya 1920. Gati ni neno la Kihindi, ambalo kwao ni ngazi za kuteremkia mtoni, na pwani hii likawa jengo la mawe au saruji ambalo chombo hufungwa ubavuni mwake. Bandari, basi, huumbwa na Mungu. Gati hujengwa na mtu. Wachukuzi wa bandarini Unguja waliogoma mwaka 1948 walifanya kazi yao juu ya gati, na hapana hata mmoja wao ambaye angedhani kuwa gati na bandari ni kitu kimoja.

Leo neno bandari hubeba maana nne. Ni ghuba yenye maji, ni majengo, ni mamlaka ya serikali yenye kuyasimamia, na ni biashara ya kupakia na kupakua. Matokeo yake yalionekana Tanzania nzima mwaka 2023. Mwezi wa Juni mwaka huo Bunge liliridhia makubaliano baina ya Tanzania na Dubai juu ya uendeshaji wa bandari, na mabishano makali yakazuka. Wengine walisema bandari imeuzwa. Wengine wakajibu kuwa bandari haiuziki. Tarehe 22 Oktoba 2023 mikataba ilitiwa saini, na ilipotangazwa ikawa kampuni ya DP World itaendesha gati namba 4 hadi 7 katika bandari ya Dar es Salaam kwa muda wa miaka 30. Si kazi ya makala haya kuamua nani alikuwa na haki katika mabishano hayo. Lakini yafaa kuulizwa: kwa miezi mingapi watu wazima, wenye nia njema pande zote mbili, walibishana juu ya neno moja huku kila mmoja akikusudia kitu chake? Mmoja alikusudia maji na ardhi ya nchi yake, mwingine alikusudia mitambo ya kupakulia makasha. Lau kama tangu siku ya kwanza maandishi yangesema gati palipo gati, na bandari palipo bandari, ubishi ungebakia, maana mambo ya kubishaniwa yalikuwamo. Lakini ungekuwa ubishi juu ya jambo, si juu ya kivuli cha jambo.

Neno la tatu, na ndilo lenye hatari kupita yote, ni bwawa. Kwa asili bwawa ni maji yaliyosimama mahali pa chini, kinamasi au dimbwi kubwa. Hoteli ya Bwawani iliyojengwa Unguja katika miaka ya 1970 ilipata jina lake kwa maji hayo yaliyo kando yake, wala si kwa ukuta wo wote. Wahandisi walipoanza kuzuia mito, ziwa lililotokea nyuma ya ukuta likaitwa bwawa, na hilo halina kosa, kwani nalo ni maji yaliyosimama. Kosa lilikuja pale ukuta wenyewe nao ulipoitwa bwawa. Kutoka hapo jengo na kilichozuiwa na jengo vikawa na jina moja, kama kwamba mtu auite mlango kwa jina la mwizi aliyezuiwa nje.

Ndipo likazaliwa tamko lisomwalo kila mwaka katika magazeti: "Bwawa limevunjika." Lakini maji hayavunjiki. Kinachovunjika ni tuta au ukuta, na tuta lina aliyelijenga, lina aliyelikagua, lina aliyepaswa kuliziba lilipoanza kuvuja. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, huko Solai katika Kaunti ya Nakuru, Kenya, tuta la bwawa la shamba lilibomoka, na maji yakateremka juu ya vijiji yakaua watu zaidi ya 40. Anayesema "bwawa limepasuka" huitia habari hiyo katika mkumbo wa mvua, radi na matetemeko, mambo ambayo binadamu hayana mkono wake. Anayesema "tuta limebomoka" amekwisha kuuliza swali: nani alilijenga, na kwa udongo gani? Wahenga waliposema usipoziba ufa utajenga ukuta, walijua kuwa ufa huwa katika ukuta. Hakuna hata mmoja wao aliyesema ufa wa maji.

Habari ya Mai Mahiu yafundisha zaidi. Alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024, katika kaunti hiyo hiyo ya Nakuru, maji mengi yaliteremka ghafula yakaua makumi ya watu. Taarifa za kwanza zilisema bwawa la Kijabe limepasuka. Baadaye Wizara ya Maji ya Kenya ikaeleza kuwa halikuwa bwawa: maji yalikuwa yamekusanyika nyuma ya tuta la reli baada ya kalvati lipitalo chini yake kuzibwa na takataka, magogo na udongo, mpaka yakasukuma njia. Ni kweli kwamba taarifa za Kiingereza nazo zilianza kwa kosa hilo hilo, wala Kiswahili hakistahili kulaumiwa peke yake. Lakini Kiingereza kilipotaka kusahihisha kilikuwa na majina mbalimbali ya kutumia. Msikilizaji wa Kiswahili, aliyekwisha kuzoezwa kwamba kila maji yaliyozuiwa ni bwawa na kila kizuizi ni bwawa, aliambiwa jioni kuwa bwawa lile halikuwa bwawa, akabaki haelewi. Na aliyebaki haelewi hatajua kuwa karibu na kwake pia lipo tuta la reli lenye kalvati lililoziba.

Ikumbukwe pia Rufiji. Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa maji tarehe 22 Desemba 2022, lina ukuta wa urefu wa meta 131 kwenda juu, na mitambo yenye uwezo wa megawati 2,115. Mwaka 2024 mafuriko yalipowakumba watu wa Rufiji na Kibiti, kulikuwa na maswali kama bwawa ndilo lililoyaleta au ndilo lililoyapunguza. Swali hilo lahitaji maneno manne tofauti ili lijibiwe: moja la ukuta, moja la maji yaliyozuiwa, moja la njia yatolewapo maji yaliyozidi, na moja la mitambo. Kulijibu kwa neno moja ni kumnyima mwananchi wa Rufiji jibu, hata kama mwenye kujibu asema kweli tupu.

Neno la nne ni kingo. Ukingo ni mwisho wa kitu, ukingo wa mto ni pale nchi kavu ikutanapo na maji, na kazi hiyo imefanywa na mto wenyewe. Kule Budalang'i, magharibi mwa Kenya, Mto Nzoia umetengenezewa matuta marefu ya udongo pande zake mbili ili usimwage maji mashambani; na matuta hayo yamebomoka mara nyingi, mwaka 2020 ikiwa mojawapo. Kila mara habari husema: "Mto umevunja kingo zake." Mto hufanywa mkosaji! Mto wa watu hauna akili wala mkono. Ulifuata mkondo wake kama ulivyoumbwa. Kilichoshindwa ni tuta. Wakulima waliohama mara tatu wanajua tofauti ya ukingo na tuta kuliko mwandishi aliyewaandika, kwa sababu wao wenyewe wamebeba udongo wa kulijazia.

Sasa na waulizwe wale wasemao Kiswahili ni maskini: je, maneno yalikosekana? La hasha. Maneno yapo, tena yapo vinywani mwa watu. Mahali wavuvi washushapo samaki na kupandisha vyombo huitwa diko, na Unguja hakuna mvuvi asiyelijua neno hilo. Ziwa Victoria wana neno lao, mwalo, na mialo ya Mwanza yajulikana kwa jina hilo hata katika maandishi ya serikali. Chombo kikipandishwa nchi kavu kukarabatiwa, mahali hapo ni gudi. Neno lilikuja kutoka Bara Hindi, na mabaharia wamelitumia tangu zamani. Chelezo ni kitu kieleacho au kielezacho, yaani kiwezeshacho kitu kuelea. Na Mwanza ilipohitaji njia ya kujengea meli na kuishusha ziwani, jengo hilo likaitwa chelezo. Hapo ofisi ilifanya vema: ilitwaa neno la watu wa maji ikaliongezea kazi iliyo jirani na maana yake. Hapana aliyelala bila usingizi kwa kutafuta neno jipya.

Hata katika nchi kavu Bara, palipo mbali na bahari, ufundi huu haukukosa lugha. Katika mikoa ya wafugaji lambo ni bwawa la kuchimbwa, si la asili. Mafundi wa malambo husema tuta kwa udongo uliolundikwa kuzuia maji, utoro wa maji kwa njia yatorokeapo maji yaliyozidi, na birika kwa mahali pa kunyweshea mifugo. Neno utoro wa maji ni zuri kupita tafsiri yo yote ambayo ingetungwa mezani, kwa kuwa lasema tabia ya maji kama mfugaji aionavyo: yakizidi hutoroka. Na mkulima wa mpunga ana jaruba, yaani kipande cha shamba kilichozungushiwa kingo za udongo ili maji yakae. Kule Pemba, ambako maji ya chumvi yameingia katika mabonde ya mpunga, wakulima hujenga matuta ya kuyazuia. Hawasubiri kamusi iwaruhusu.

Ni lazima ikubaliwe kwamba maneno huhama. Forodha katika Kiarabu ilikuwa pengo la ukingoni ambapo vyombo hutia gati. Katika Kiswahili ikawa nyumba ya ushuru, kisha ikawa ushuru wenyewe. Forodhani ya Unguja leo ni bustani, na wageni huijua kwa pweza na mishikaki. Birika lilikuwa tangi kubwa la maji, na majumbani sasa ni chombo cha chai. Hapana wa kuzuia safari hizo, wala hapana haja ya kuzililia. Lakini neno kuhama ni jambo moja, na neno kurundikiwa maana ambazo zaishi pamoja na kupigana ni jambo jingine. Forodha ilipohama iliacha nafasi, na gati likaingia. Bwawa halikuhama: limekaa pale pale, likamfukuza tuta.

Wapinzani wa hoja hii wana majibu matatu, na yote yafaa kusikilizwa. La kwanza ni kwamba msomaji hufahamu maana kutokana na mazungumzo yenyewe, hivyo utata si tatizo. Jibu hili ni kweli barazani, ambapo msikilizaji aweza kuuliza. Si kweli katika mkataba, ambao husomwa baada ya miaka 20 na watu wasiokuwapo. Wala si kweli katika tangazo la redio usiku wa mvua, ambapo aulizaye hana wa kumjibu, na muda wa kukimbia ni mfupi.

Jibu la pili ni kwamba gudi, diko na hori ni maneno ya wavuvi, ya kizamani, au ya mahali pamoja, hayafai kwa taifa. Hoja hii husemwa na watu ambao hawaoni vibaya kulichukua neno la wavuvi wa nchi nyingine, maadamu limepita London. Isahauliwe ya kuwa Kiswahili Sanifu chote kilikuwa cha mahali pamoja? Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi; Kamati ya Kiswahili ikaanza kazi mwaka 1930; na kamusi ya Frederick Johnson ikatoka mwaka 1939 ikiwa na maneno mengi ya mabaharia ndani yake. Yaliyokubaliwa wakati ule na mgeni aliyekuja kujifunza, sasa hukataliwa na wenyeji waliokwenda kusoma. Na kama neno la Pemba, la Lamu au la Mwanza lafaa kazi, ukubwa wa lugha ni kulipokea, si kuliuliza kwao ni wapi.

Jibu la tatu ni kuwa ni afadhali kuchukua maneno ya Kiingereza kama yalivyo, kwa kuwa ndiyo lugha ya wahandisi. Kukopa si aibu. Bandari, gati, gudi na forodha yote yalikopwa. Lakini mababu walikopa neno pamoja na kitu, wakalinyoosha kwa ulimi wao, nalo likatumikia watu wote. Kukopa kwa leo ni kwa mtu mmoja kumwonyesha mwenzake kuwa amesoma, huku aishiye chini ya tuta hajui lililosemwa. Kalvati limekwisha kuingia, na likae, kwa kuwa fundi na mkulima hulisema sawasawa. Kinachokataliwa ni kuleta jina geni la tuta kwa mtu ambaye maisha yake yote ameyalima matuta.

Likipatikana kubaliano juu ya hayo, mgawanyo wa kazi si mgumu. Bandari na libaki kuwa jina la mahali, na gati kuwa jina la jengo ambalo chombo hufungwa. Diko na mwalo yatumike yote mawili, la kwanza pwani, la pili ziwani, wala lisimeze moja jingine. Gudi liwe mahali pa kukarabatia, na chelezo kiwe njia ya kushua. Bwawa liwe maji, na lambo liwe bwawa la kuchimbwa. Kinachozuia maji kiitwe tuta kama ni cha udongo, na ukuta kama ni cha mawe au zege: tuta la bwawa, tuta la mto, ukuta wa bwawa, ukuta wa bahari. Ukingo liachiwe kazi ya Mungu. Njia ya maji yaliyozidi iwe utoro. Mtaro uchukue njia za maji ya mvua, na mfereji waachiwe Waunguja majumbani mwao bila ya kuchekwa, huku vitabu vya Zanzibar vikieleza wazi kuwa wenzao wa Bara huutumia kwa maana nyingine. Katika orodha yote hii hapana neno hata moja lililotungwa.

Kazi hiyo ina wenyewe. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria mwaka 1967, na Baraza la Kiswahili la Zanzibar kwa sheria ya mwaka 2004. Mabaraza hayo mawili yangefanya jambo la manufaa kama yangekaa siku chache, si katika ukumbi wa mkutano, bali katika diko la Malindi, katika gati, katika mabonde ya mpunga na katika malambo ya Shinyanga, yakasikiliza, yakaandika, kisha yakatoa kijitabu kimoja kwa ajili ya nchi zote mbili za Muungano na majirani wa Kenya. Mabaraza pia yakatae kupitisha tafsiri za mikataba na tahadhari zinazochanganya maji na kinachozuia maji. Wahariri wa magazeti na redio hawana haja hata ya kungojea kijitabu. Wao waanze na jambo moja tu, kuacha kuandika kuwa bwawa limevunjika. Waandike tuta au ukuta, kisha waulize ulikuwa wa nani.

Na walimu wa Unguja wana kazi iliyo karibu zaidi. Mtoto wa Michenzani apitaye Darajani kila siku aambiwe kwa nini paitwa Darajani, na Ng'ambo ilikuwa ng'ambo ya nini, na hori ni kitu gani. Hilo si somo la historia peke yake. Siku moja mtoto huyo atakuwa mhandisi wa manispaa, au mwandishi wa mkataba, au mwenye kununua kiwanja mahali pa chini. Na mvua za masika, ambazo hazijapata kusahau njia yake, zitakuwa zikinyesha kama kawaida.